Mondo alinyimwa ama alishindwa? Mafundi wa Mombasa njooni hapa

FundiWaBondeni
Assalam aleykum watu wa baraza. Najua mtanicheka, hii kitu ni ya kitambo, lakini mie nimeiona wiki hii. Kijana wangu wa dukani alipeleka flashi kwa jamaa wa muvi akaijazia Project Runway, lile shindano la Marekani la kubuni na kushona nguo, misimu imerukwarukwa tu, nikaanza na wa 8, ule wa 2010, kwa sababu ndio uliokubali kufunguka. Sasa usiku cherehani siliwashi, jirani ana mtoto mchanga, basi naketi na laptopu ya binti yangu na chai yangu ya rangi natazama Wamarekani wakishona.

Jana nimemaliza fainali. Wallahi nimelala na hasira. Yani Mondo Guerra, kijana anayechanganya mistari na miraba na madoa juu ya mwili mmoja na kitu kikakubali, ashindwe na Gretchen Jones na zile nguo zake za rangi ya ugoro? Mie nna miaka 27 kwenye hii kazi na nawaambia, kulinganisha mistari kwenye mshono wa ubavuni si mchezo, ukikosea nusu sentimita mteja aonekana yuwaenda upande. Yule kijana afanya hivyo kwa siku moja, saa zahesabiwa, mwenzake aomba pasi.

Swali langu: hawa majaji huwa watazama nini haswa? Maana mteja wangu akija kuchukua nguo, kabla hajaivaa aigeuza ndani nje. Atazama ovaloki, aivuta mshono wa kwapa, apandisha zipu na kuishusha mara tatu. Hawa wameketi kule kwenye viti, nguo yapita na muziki, kwisha.

BintiMvita
Waleykum salam mzee wangu, na pole, karibu matangani. Sisi tulilia 2010 tukanyamaza, wewe ndio waja na leso mkononi saa hizi 😂

Ngoja nkukumbushe vile ilivyokuwa. Meza ya majaji iligawanyika. Heidi Klum na yule mgeni, Jessica Simpson, walimtaka Mondo. Michael Kors na Nina Garcia wakamtaka Gretchen. Wakabishana, wakabishana, Kors na Nina wakasema fesheni inaelekea kule kwa Gretchen, nguo za kutulia, za kahawia, za mtu anayeishi jangwani na ana hela. Mondo wakasema ni vichekesho vingi. Heidi akachoka akawaachia. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hawakutazama mshono kabisa, walikuwa wanabashiri mwakani watu watavaa nini.

Kijana_Kisauni
Gretchen aliiba. Funga uzi.

MamaDera
Hafungi mtu uzi hapa. Mimi nauza dera na magauni Kongowea mwaka wa kumi na kitu sasa na nasema hivi, mtanirushia mawe lakini nasema: Kors na Nina wale ni wachuuzi, wanajua kuuza. Fundi hupenda nguo ngumu. Kadiri ilivyomtesa ndivyo anavyoiona nzuri. Mteja hajui umekesha, hajali. Nishaletewa magauni mazuri kushinda yote, marinda yamepangwa mpaka unataka kulia, yakakaa kwenye henga toka Rajab mpaka baada ya Idd, kisha lile la kawaida kabisa la kitambaa laini likaisha kwa siku mbili nikaongeza mzigo.

Ila kwa rangi hapo nitawakatalia. Kahawia hapa Mombasa? Hio mzigo ungenifia. Wateja wangu watu wa harusi.

FundiWaBondeni
Mama Dera wewe umenijibu na kunitukana kwa pumzi moja, ahsante. Lakini niambie, lile la kawaida lililoisha kwa siku mbili lilirudishwa mangapi mshono umefumuka?

MamaDera
Mawili tu. Na moja yule dada alikuwa amejitia ukubwa asio nao.

MgeniKutokaBara
Wasee wa pwani mko sawa? Mimi niko Nyali kikazi mwaka wa pili, natoka Nairobi, na nataka kusema kahawia tunavaa na tunapendeza. Gretchen alikuwa mbele. Mnaangalia hio kolekisheni na macho ya harusi ndio maana hamuioni.

Lakini pia sikumpenda, ile ya tabia. Kuna ile episodi ya timu, kundi lao likashindwa, yeye ndiye alikuwa anaongoza kila kitu na ilipofika kwa majaji akamsukumia mwenzao Michael Costello lawama. Mpaka Tim Gunn, yule mshauri wao, aliingia kule nyuma akawagombeza wale wengine, kwa nini mlimwachia awapande kichwani.

BintiMvita
Hapo sasa. Tim Gunn hakuwa na kura kule mbele, hio ndio ilikuwa shida. Yule ndiye aliyekaa nao kwenye chumba cha kushona, ajua nani alifumua mara tatu, nani aliomba msaada, nani aliwahi kumaliza akaketi. Majaji waona dakika moja. Mpaka msimu wa 12 ndio wakampa uwezo wa kumwokoa mtu mmoja msimu mzima. Mmoja!

Zipu_Imekwama
Mzee fundi kuna kitu umekosea, samahani. Majaji hawatazami kwa mbali pekee. Baada ya kuwahoji wanawatoa ma-dizaina nje, modeli wanasogea karibu, na hapo ndio Kors na Nina walikuwa wakishika nguo, wakigeuza pindo, wakitazama mgongoni. Sehemu hio hukatwa fupi kwenye runinga ndio maana huioni. Tazama tena.

FundiWaBondeni
Nimetazama tena. Nimekosa, naomba radhi. Kweli Nina aliinua pindo la mtu akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyolala.

Basi swali langu lageuka, na lawa baya zaidi: kumbe walishika, wakauona ule ufundi, na bado!

Kijana_Kisauni
😂😂😂 mzee ameumia

MzeeWaKanzu
Nyinyi mwazungumza kama kwamba ufundi na macho ni vitu viwili. Mimi nimekulia nyumba ya washona kofia, Lamu kisha hapa Mji wa Kale. Kofia ya mkono yachukua miezi, vitobo vidogo vidogo kimoja baada ya kingine, na ukimaliza mzee anaipokea, aiweka juu ya ngumi yake hivi, aizungusha. Hasemi neno. Atazama kama duara limekaa, na kama nakshi zimekutana pale zilipoanzia. Mkono mzuri na jicho bovu nakshi hazikutani. Jicho zuri na mkono mbovu kofia yakaa kama sufuria. Huyo Mondo simjui lakini ikiwa alilinganisha mistari basi macho alikuwa nayo.

FundiWaBondeni
Mzee wangu shikamoo. Ndicho nlichotaka kusema tangu juzi nikakosa maneno.

Zipu_Imekwama
Sasa kama mwataka kukasirika vizuri nendeni msimu wa 9. Anya Ayoung-Chee, wa Trinidad na Tobago, alikuwa Miss Universe wa kwao 2008. Alijifunza kushona miezi michache tu kabla ya kuingia. MIEZI. Na alishinda. Na kwenye fainali ileile alikuwepo Viktor Luna, mtu ambaye koti lake unaweza kulivaa ndani nje ukaenda nalo kazini.

FundiWaBondeni
Miezi mingapi?

Zipu_Imekwama
Michache.

FundiWaBondeni
La hawla. Mimi mwanafunzi wangu miezi minne ya kwanza hukata matambara na kushona mstari ulionyooka. Mstari tu. Akinyoosha ndio nampa foronya.

BintiMvita
Mzee Anya mwachie Anya, yule mie nampenda. Tena ndiye aliyeipoteza bahasha ya pesa kule Mood, duka la vitambaa, dola 100 zote, ashazunguka na vitambaa mkononi ndio ajua hana kitu. Mshindani mwenziwe Anthony Ryan akampa chenji yake iliyobaki. Na hakutolewa! Mtu aliye na mshono pekee angekwisha pale. Yeye ajua kitambaa kinataka kuangukaje, anakiacha kianguke. Kitambaa chake hakipigani na mwili. Wanawake wa visiwani wajua kitambaa chepesi na joto, kama sisi, utamfundisha nini mtu huyo? Kushona atajifunza, au ataajiri mtu kama wewe.

FundiWaBondeni
Ataajiri mtu kama mimi na jina litakuwa lake. Nishaiona hio sinema na haikuwa kwenye flashi. Kuna mtu mmoja wa hapa hapa, simtaji, alikuwa akija na picha kwenye simu, namkatia, namshonea, kisha naona nguo kwenye ukurasa wake “nimebuni mimi” watu elfu wanampa mashallah. Mimi jina langu liko kwenye lebo ya ndani kwa sababu niliiweka mwenyewe kwa siri 😅

MgeniKutokaBara
Hio ya lebo nimeipenda sana.

Lakini mzee si ndio dunia ilivyo? Angalia Making the Cut, ile ya 2020 ya Heidi na Tim walipotoka Project Runway. Kule dizaina anachora, anaacha maelezo na vipande, usiku mafundi wanashona, asubuhi anakuta nguo iko tayari. Na zawadi ilikuwa dola milioni moja. Hakuna aliyewauliza wale mafundi majina.

FundiWaBondeni
Hio siitazami. Hata ukiniwekea bure.

CherehaniMombasa
Nauza cherehani ya kanyagio iko sawa na ovaloki ya nyuzi 3, niko Mwembe Tayari, mwenye haja anitafute inboksi

MamaDera
Nyuzi 3 ama 4? Nijibu hapa hapa tusizungushane.

Kijana_Kisauni
Turudi kwa wezi. Wakuu mshawahi kusoma yale maandishi madogo mwisho wa episodi? Yanapita kasi lakini simamisha usome. Yasema majaji waliamua kwa kushauriana na watayarishaji. Kwa kushauriana!! Sasa nyinyi mnashinda hapa mwabishana mshono na kitambaa, ilhali kuna jamaa ana kofia nyuma ya kamera anasema huyu muacheni bado analeta vita nyumbani.

BintiMvita
Hilo kweli. Ndio maana wakorofi hufika mbali, ni kama tamthilia, muovu hafi episodi ya pili.

MamaDera
Mkorofi mwenyewe mmemsahau. Msimu wa 3, 2006, Jeffrey. Waliambiwa kila mmoja amvishe mama au dada wa mwenzake. Akapewa mama yake Angela. Mama wa watu mnene, mpole, aliomba tu vitu viwili vitatu kuhusu gauni lake. Jeffrey akamjibu majibu, mpaka yule mama akatoka akalia. Akalia wallahi, mtu mzima, mbele ya kamera. Na mwisho wa msimu nani alishinda? Jeffrey.

Mimi hapo nilizima TV. Huku kwetu mama wa mwenzio ni mamako. Ungemliza mama wa mtu dukani kwangu, hata ukiwa unashona dhahabu, ungetoka na mkasi wako.

MzeeWaKanzu
Audhubillah.

FundiWaBondeni
Huo msimu sina kwenye flashi na sasa siutaki. Mteja mnene ndiye anayejua fundi ni nani. Mwembamba hata gunia lamkaa.

MgeniKutokaBara
Hapo kwa wateja wanene kuna mjadala mwingine mzima. 2015, msimu wa 14, Ashley Nell Tipton alishinda na nguo za wanawake wanene, fainali nzima, mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Tim Gunn akaandika gazetini kwamba ushindi ule ulikuwa wa kuonyesha tu, kwamba nguo zenyewe hazikustahili. Yaani mtu aliyemlea mle ndani ndiye alikuja kusema hivyo.

MamaDera
Nguo zenyewe niliziona na Tim alisema kweli, ila hakuwa na haki ya kusema. Mnanielewa? Wamechukua miaka kumi na zaidi wanashonea vijiti, mabingwa hawawezi kupiga dati kwenye kifua cha mwanamke aliyezaa, kisha mmoja ajaribu ndio wamtazame kwa darubini.

Mie ndio maana dera haitanifia. Mama wa kilo 50 na mama wa kilo 110 wavaa dera moja na wote wapendeza, upepo unaingia, unajifunga leso kiunoni unaingia jikoni. Mletee Nina Garcia dera tuone ataikunjia uso.

Zipu_Imekwama
Walibadilika lakini. Msimu wa 16, 2017, modeli walikuwa wa saizi zote mpaka kubwa kabisa, na ma-dizaina walitetemeka 😂 hawakujua pa kuanzia. Ndio msimu huohuo yule Claire alitolewa kwa sababu ya futi.

FundiWaBondeni
Futi gani?

Zipu_Imekwama
Futi ya kupimia. Alikutwa nayo kule walikolala, akapima nguo zake. Ni haramu, kazi yote ifanywe chumba cha kushona. Alikuwa ashashinda shindano lile, wakampokonya wakamtoa. Na msimu wa 3 kuna Keith alitolewa kwa kuwa na vitabu vya patani, vile vya kufundishia kukata nguo, chumbani.

FundiWaBondeni
Mimi futi iko shingoni mpaka harusini. Mke wangu huniambia niivue kabla ya kuswali. Wangenitoa uwanja wa ndege.

Kijana_Kisauni
Mzee mimi nimekusamehe yote kwa hio

BintiMvita
Mimi jaji niliyempenda maishani si wa Project Runway. Ni Kerby Jean-Raymond, alikuja mgeni kwenye Next in Fashion, shindano jingine la nguo, 2020, siku ya nguo za mtaani. Wenzake wakawaweka chini washindani Kiki na Farai, Kiki mtu aliyefanya hizo nguo za mtaani tangu enzi zake kampuni ya FUBU, na Farai asili yake Zimbabwe. Kerby akakataa. Akasimama akatoka, hakubali. Mwisho hakutolewa mtu siku ile. Nlishangilia peke yangu chumbani hadi mamangu akaja kuuliza kuna nini.

Maana majaji wengine walikuwa watazama nguo ile na hawajui yatoka wapi. Ni kama umletee mgeni hando la Kigiriama, marinda juu ya marinda hesabu huipati, akwambie “sketi imejaa sana”. Imejaa kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, babu!

MzeeWaKanzu
Ahsante binti. Jaji akiwa hajui asili ya kitu, asiseme kibaya, aseme sikielewi.

MamaDera
Nimechoka na Marekani. Nina wazo. Huyu fundi wetu alia sana, tumpe kazi tumwone. Kaka fundi, nakupa doti moja ya leso, saa nane mchana Jumamosi unaipokea, Jumapili saa nane nataka gauni la kutoka. Kitambaa cha kuongeza usizidi shilingi 500. Majaji ni mimi na BintiMvita, na huyo wa bara tumpe kiti ili asiseme tumependelea.

Kijana_Kisauni
HAPO SASA 🔥🔥

FundiWaBondeni
Jumamosi duka limejaa.

MamaDera
Mondo alisema duka limejaa?

FundiWaBondeni
Leta leso.

BintiMvita
Wanauzi, updeti. Nimepitia Biashara Street na Mama Dera asubuhi, tumechagua leso nyekundu na nyeusi, mji wa maua makubwa, jina lake, yale maneno yaliyochapwa, “Mgeni njoo mwenyeji apone”. Fundi ameipokea saa nane na dakika tano. Amekasirika kwa zile dakika tano, asema Heidi angemkata.

Zipu_Imekwama
Hio pindo ataifanyia nini? Leso ikikatwa vibaya pindo laishia begani kama mkanda wa gari.

FundiWaBondeni
Saa tatu usiku. Naandika na pini mdomoni. Sikieni, kazi hii si kama nlivyodhani. Kitambaa cha kawaida wakikata popote. Leso ina pindo nne, ina mji katikati, ina jina, na kila kimoja kina mahali pake. Nkitaka pindo likae chini ya gauni, maua ya mji yawa upande upande kifuani. Nkiyaweka maua kifuani sawa, pindo lakatika kwenye nyonga. Nimeipanga mezani mara sita. Ningekuwa na kitambaa cha rangi moja ningekuwa nshamaliza na kula. Sasa nimeanza kuona kwa nini watu hukimbilia kahawia.

MgeniKutokaBara
Gretchen ameskia hio huko aliko akatabasamu.

FundiWaBondeni
Kimya wewe.

FundiWaBondeni
Saa sita kasoro. Nimekata. Mshono wa mgongo na wa ubavu vimekutana, maua yamekutana, ukitazama hujui pana mshono. Nawatumia picha. Mtoto wa jirani bado hajalala hata hivyo, basi nawasha cherehani.

BintiMvita
Mashallah mzee hapo ubavuni hata nimekuza picha siuoni mshono 😭

MamaDera
Mbele ni nzuri. Geuza nyuma tuone.

FundiWaBondeni
Nyuma kesho.

MamaDera
Kaka fundi. Nyuma.

BintiMvita
Haya, matokeo ya Jumapili, naandika mimi kwa sababu fundi amekataa. Gauni limevaliwa na binti yake mkubwa, ndiye modeli wetu. Mbele, kifua kimekaa, mabega yamekaa, kiuno kimeingia bila kubana. Pindo limezunguka chini lote bila kukatika, hata sijui alifanyaje kwa doti moja. Ndani nimegeuza mwenyewe: amefunga kila mshono kwa mkanda wa pamba mweusi, hakuna uzi hata mmoja unaoning’inia. Zipu sikuiona mpaka nikaipapasa.

Kisha binti akageuka.

Jina la leso. “Mgeni” limeingia kwenye mshono wa ubavu wa kushoto. “Apone” limeingia ubavu wa kulia. Pale nyuma, chini ya kiuno, katikati kabisa, kwa herufi kubwa nyeusi, imebaki “NJOO MWENYEJI”.

Kijana_Kisauni
😂😂😂😂😂😂😂 SIPUMUI

MzeeWaKanzu
Astaghfirullah. (Nimecheka.)

Zipu_Imekwama
Ndani 10, mbele 10, nyuma polisi

FundiWaBondeni
Nliiona saa saba usiku nkishamaliza kufunga mishono yote. Nlikuwa nimeangalia maua yakutane, sikusoma. Miaka 27.

MgeniKutokaBara
Mimi kura yangu nampa. Tena nasema iachwe hivyo hivyo, hio ndio kitu Kors angeita kichekesho na Heidi angeinunua.

MamaDera
Mimi nampa pia lakini harusini halivaliki, mama mkwe atazimia. Nimelitundika mbele ya duka leo nione, bila kusema neno.

MamaDera
Haya. Saa kumi na nusu. Amekuja dada mmoja, ameliona toka mbali, amelishika. Amegeuza ndani nje, ametazama mishono yote (kaka fundi hapo nlikukumbuka), akasema huyu fundi ni nani. Kisha akaligeuza mgongo, akasoma. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza bei. Amelipa nusu, nusu mwisho wa mwezi, na ataka lingine la dadake, lakini lile ataka leso ambayo jina lake “lasomeka vizuri zaidi likikatwa”. Ameniambia nimtafutie.

FundiWaBondeni
Mwambie nashona la rangi moja.

MamaDera
Nshapokea amana.

BintiMvita
Mzee, Jumamosi lete flashi nkuwekee All Stars ya 2012, ile ya washindani wa zamani wa Project Runway. Mondo alirudi. Sikwambii kilichotokea ila usilale na hasira tena.